Mto Nilioupima Haukuwa Mto

Siku yangu ya kwanza kwenye tume ya mpaka nilifika na digrii ya upimaji ardhi, buti mpya na dharau. Kaunti mbili jirani ziligombania mto, na tume ilikuwa na mwaka mmoja iamue mpaka upite wapi. Mpimaji Mkuu, mzee wa Nkubu aliyekaribia kustaafu, alinikabidhi mashine ya GPS. Nikamwuliza kama mwaka utatosha, au tutaomba nyongeza kama tume zote.

"Wewe mtu wa Kanja, hata chai hujakunywa na unatushtaki?" akanijibu, akinitania kwa jina la kwetu.

Nilipima wakati wa kiangazi, nikifuata katikati ya maji, ambako mpaka ungepita, na kuchukua vipimo kila baada ya hatua kadhaa. Zilipobaki wiki mbili tume ivunjwe, tuliwapelekea wakulima rasimu ya ramani. Mama Karimi, mjane anayelima nduma kando ya mto, aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kijana, hapa umechora mfereji wetu. Jua likizidi tunaziba mto kwa mawe na magunia ya mchanga, maji yapite huku. Mto ni ule pale, umekauka."

Shamba lake lote lilikuwa kati ya mfereji na mto. Nilikuwa nimelihamishia kaunti ya pili, ambako hati yake haikuandikishwa. Tume ikivunjwa, ramani ile ndiyo ingebaki.

Nilingoja kukaripiwa. Mpimaji Mkuu akanisukumia karatasi. "Andika ombi la nyongeza. Sababu iandike vile ilivyo."

"Niseme ni mimi?"

"Kwani mimi ndiye niliyepima mfereji?"

Niliisoma barua mbele ya wajumbe wa kaunti zote mbili. Mmoja alicheka. Hata hivyo waliiunga mkono, tukaongezewa miezi mitatu. Mvua ilipokuja ilisomba mawe, mto ukarudi njia yake, nami nikaupima upya na wazee wa pande zote, matope hadi magotini.

Mkataba wangu umeisha, na mzee amestaafu. Tume nyingi bado siziamini. Lakini namshukuru yeye, ambaye angeweza kulifunika kosa langu na hakulifunika.

Siku tuliyosimika bikoni ya mwisho, ile nguzo fupi ya simiti inayoonyesha mpaka, Mama Karimi alileta nduma na chai. Wajumbe wakanyoosha vikombe.

"Huyu kwanza," akasema, akinimiminia. "Alinipeleka kaunti nyingine, akanirudisha, na nauli hakuniitisha."