Msichana wa Hadithi na Kijana wa Punda

Nimerudi kijijini kwetu Daa wiki hii na kompyuta begani na hadithi ya mapenzi iliyokwama. Rafiki yangu mmoja, asiyejua kubembeleza, aliisoma akaniambia, "Hawa watu wako wanapendana kwa sababu umewaamuru." Nilibisha, kama kawaida yangu. Lakini leo asubuhi niliamka kwenye ukungu wa Julai, ule mzito unaoficha zizi hata ukiwa mlangoni, nikasikia harufu ya magunzi yakiungua jikoni kwa jirani. Nikakumbuka mahali nilipowajua watu wa hadithi kabla sijalisikia neno "mhusika".

Ilikuwa nyumbani kwa bibi, mzaa mama, ambako nililelewa. Unajua baridi ya huku kwetu wakati wa mavuno. Shambani huendi mpaka jua litoboe, kwa hiyo asubuhi zilikuwa za kupukuchua mahindi. Tulikaa jikoni kuzunguka sinia kubwa, miguu imenyooshwa kuelekea motoni, makande ya jana yakipashwa pembeni. Punje zilidondoka kwenye sinia kama mvua inayoanza kwenye bati. Kwa mbali magari ya watalii yalinguruma yakipanda kwenda Ngorongoro, na sisi tulikuwa na safari yetu wenyewe, kwa sababu bibi alipukuchua huku akisimulia.

Mwaka ninaousema, hadithi ilikuwa na sababu. Mama mdogo alikuwa ameletewa posa na mfugaji wa Olbalbal, kule kwenye nyika kavu. Kijana yule alikuja na punda wake kununua mahindi, akarudi tena kabla yale ya kwanza hayajaisha, na kila mtu akaelewa. Wazee wake wangerudi kuchukua jibu mavuno yakishaingia ghalani. Mama mdogo hakusema kitu. Babu alikuwa ameshatamka kwamba akiendelea kunyamaza, kimya chake kitahesabiwa kuwa ndiyo. Na kwetu kumuuliza msichana mbele ya watu kama anampenda mtu ilikuwa aibu kubwa, karibu sawa na kumvua nguo.

Bibi hakumuuliza. Alianza tu asubuhi moja, bila utangulizi, kutusimulia msichana mmoja wa mashambani na kijana mmoja wa punda.

Hadithi hiyo ilikuwa na sheria. Yeyote mwenye hindi mkononi aliruhusiwa kuiingilia, ila ukimtia mtu neno mdomoni, sharti useme kwa nini amelisema. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, aliingia wa kwanza.

"Mimi nasema msichana anampenda," alisema.

"Kwa nini?" bibi akamuuliza.

"Kijana ana meno mazuri."

"Meno atayatazama wiki mbili, kisha yatakuwa meno tu. Kwa nini?"

"Basi hampendi! Ni mjinga anayetaka kuacha maji mlangoni aende kuyafuata porini pamoja na ng'ombe."

"Mjinga hatufai," bibi akasema. "Mjinga tutamsimulia nini mpaka mavuno yaishe?"

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilijaza kurasa kuhusu wahusika bapa na wahusika duara. Sina hakika kama nilijifunza zaidi ya hayo.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali hata wakati ule. Nikauliza, "Bibi, kwa nini kijana wa punda asihamie huku?"

Jirani akapiga paja. "Na ng'ombe wake utawalaza chini ya kitanda chako, mama?"

Bibi alinitazama. "Umeuliza, basi jibu wewe. Wewe ndiye kijana wa punda. Kwa nini huhamii huku?"

Nilifikiri sana. Nilimwona yule mfugaji alivyosimama uani kwetu amejifunga shuka lake, akiyatazama majembe yaliyoegemezwa ukutani.

"Naogopa jembe," nikasema.

Wote walicheka isipokuwa bibi. "Sasa tumepata mtu," alisema, akachukua hindi jingine.

Hapo mama mdogo, ambaye hakuwahi kuingilia hadithi hata asubuhi moja, akasema bila kuinua macho, "Na msichana haogopi kiu."

Mikono yetu ikasimama. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kupukuchua, polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Anaogopa nini?"

"Kuwa mgeni. Kule atakuwa mgeni wa lugha, mgeni wa chakula, mgeni mpaka kwenye namna ya kukaa. Na mwenzake hajawahi kuwa mgeni hata siku moja, atamwonea wapi huruma? Aje huku kwanza. Alime msimu mmoja, achekwe. Akishachekwa na kila mtu, ndipo msichana atajibu."

"Na akikataa kulima?"

"Hadithi imeisha."

Bibi akainuka, akakung'uta makapi kwenye kanga yake, akatoka kwenda kuzungumza na babu. Sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba wazee wa Olbalbal walipokuja, walipewa maziwa, wakapewa na sharti.

Mvua zilipoanza, kijana akaja. Alilima kama mtu anayeua nyoka. Wakati wa palizi babu alimwachia kipande cha shamba, mahindi yenye ngwara katikati, yale maharage yetu ya kutambaa, na jioni tukaenda kutazama. Ngwara zote alikuwa ameng'oa. Nyasi alikuwa ameziacha, zimesimama vizuri, kijani kabisa.

"Mkwe!" jirani akapiga kelele. "Umetulimia malisho?"

Yule kijana alitazama shamba, akatutazama sisi. "Lakini nyasi nzuri hivi," alisema, "mtu anazing'oaje?"

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Kijana alisimama pale na jembe lake, mgeni kweli kweli, mwishowe akacheka na yeye. Kesho yake niliwaona wawili wakipanda ngwara upya. Kiangazi kilipofika, mama mdogo akaenda Olbalbal, na yuko huko mpaka leo.

Juzi nilimpigia simu nikamuuliza alianza kumpenda lini hasa. "Maswali yako ya chuo hayo," alinijibu. "Sijui lini. Ninachojua ni siku niliyoacha kumwogopa."

Bibi hayupo tena. Mahindi siku hizi yanapukuchuliwa na mashine, na familia nzima inamaliza kabla ukungu haujaondoka. Siulilii ule uchungu wa viganja, ningekuwa mnafiki. Wala sisikitiki kwamba wasichana sasa wanaulizwa waziwazi kama wanataka au hawataki. Ilipaswa iwe hivyo tangu zamani. Ila naona swali linafika kwenye simu, na jibu linatakiwa kabla chai haijapoa. Mama mdogo alipewa mahindi ya shamba zima ya kufikiria.