Nywele Ndani ya Mashine ya Baridi

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na vidole hivi ndivyo vilivyoshika.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa umeme kwenye machimbo madogo ya bati huko Kyerwa. Meneja wetu, Mzungu mnene aliyetoka jasho hata asubuhi ya ukungu, alikuwa na mashine ya kupoza hewa dirishani mwa chumba chake cha kulala. Siku moja, mchana kweupe, ikazima. Akanituma nyumbani kwake, yeye akabaki machimboni.

Mpishi wake, Mzee Bitegeko, alinifungulia mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Itazame, ila usikae sana humo."

Nikapima plagi kwa balbu: umeme upo. Fyuzi nzima. Basi kuna kitu kimeikaba feni ya ndani. Nilipofungua kifuniko, harufu ikanipiga, kama panya aliyeozea darini, ila tamu zaidi. Chujio lilikuwa na utando wa mafuta ya manjano. Nikaingiza vidole, nikavuta. Zikaja nywele. Zikaja na kuja, zimelowa, zinateleza, na kwenye ncha zake vipande vya ngozi laini kama ndizi iliyooza. Ungefanya nini wewe? Mimi nilitapika palepale kwenye zulia.

"Pole, fundi," sauti ikasema nyuma yangu.

Mwanamke alikuwa ameketi kitandani, shuka lililolowa limemfika kidevuni.

"Usiiwashe tena. Baridi imenichosha. Waambie kwetu Nyakasimbi, niko nyuma ya banda la jenereta."

Akageuza kichwa. Kisogoni hakukuwa na nywele. Kulikuwa na funza, wanachezacheza.

Nilikimbilia jikoni. Nilipomweleza Mzee Bitegeko, alikaa chini sakafuni akalia.

"Huyo ni Kokusima. Alikuwa akiishi na meneja. Homa ilipomuua, meneja hakutaka ijulikane. Alimfungia humo siku nne, mashine inanguruma ili asioze, hadi tulipopata nafasi ya kuchimba kaburi. Ndugu zake niliwaambia mimi, kwa kinywa changu, kwamba amevuka mpaka pale Murongo, ameolewa Uganda."

Jumapili tulikwenda wote wawili Nyakasimbi, naye akawaambia ukweli. Walimpiga mzee, kisha wakaja naye kumfukua Kokusima. Kichwa kilikuwa kipara kabisa, niamini. Wakamzika kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba. Meneja aliondoka wiki hiyo bila kuaga mtu.

Nimenawa kwa majivu, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Hadi leo, tukiketi kula ndizi na maharage, wenzangu wanakula kwa mkono, mimi naomba kijiko. Siwezi kuvileta vidole hivi karibu na mdomo.

Nawe fundi unayenisikiliza, ukifungua mashine ya watu ukavuta unywele mmoja, usivute wa pili. Simama, uliza kwanza nani alilala chumba hicho.