Meno Yanayojua Ploti

Nilitoka asubuhi bila mpango, kama kawaida yangu, ila safari hii nilikuwa nimechoka kabla sijapiga hata hatua. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikilala sakafuni kwa dada yangu huko Kibera, upande wa chini, nikimsikiliza binti yake wa miezi kumi akikohoa. Alikuwa akiharisha pia, na jua likishuka mwili wake unachemka. Siku iliyotangulia mizani ya kliniki ilikuwa imeonyesha amepungua tena, na muuguzi akamwuliza dada kama mtoto ana shida nyingine zaidi ya kikohozi. Dada alisema hana.

"Na kuhara je?" nilimwuliza asubuhi hiyo akifua nepi mlangoni.

"Hiyo ni meno, anko." Tangu azae ananiita hivyo. "Na homa pia. Siwezi kumsumbua daktari na meno."

"Ameota mangapi?"

"Bado. Yanakuja."

"Miezi mitatu sasa yanakuja tu? Yanatoka Kisumu kwa miguu?"

Alinirushia maji ya sabuni. "Ungemaliza shule ungekuwa daktari. Hebu toka, unanizibia mwangaza."

Nikatoka.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini maswali hayakuniacha. Nimeishi kwenye ploti nyingi za vyumba vya kupanga, nikibeba maji, nikichanganya saruji, nikihama kabla watu hawajanizoea, na kila nilipofika kulikuwa na mtoto anayeota meno. Kule juu Kibera, karibu na ukuta wa mtaa wa Nyayo Highrise, anayeota meno alitoa mate na kuuma kidole cha mama yake, basi. Chini, kando ya mtaro wa majitaka, meno yalikuja na kuhara. Kwenye vijia ambako watu wanakaanga na kuchoma kutwa nzima, yalikuja na kikohozi. Sijawahi kuelewa ni meno gani haya yanayojua mtoto amepangishiwa wapi. Chumba cha dada kina mtaro nyuma, na mbele jirani anakaanga samaki kwa kuni tangu alfajiri. Yote yalikutana kwenye kitanda kimoja.

Nilivuka Ngong Road, nikapita Dagoretti Corner, nikaingia Kawangware. Hapo ndipo nilipojikuta nikitazama kamba za nguo. Kamba iliyojaa nepi kabla ya saa nne inasema kuna mtoto anayeharisha. Huenda ni ujinga, lakini sikuwa na kipimo kingine. Kule bondeni, karibu na mto, kamba zilikuwa kama za kwetu, nikageuka bila kuuliza. Karibu na soko nepi zilikuwa chache, lakini moshi wa mkaa ulijaa kijiani na nikasikia vikohozi kutoka milango mitatu. Nikaendelea kupanda kuelekea Satellite, magoti yakiniuma.

Kwenye lango moja la mabati mama mmoja alikuwa akichambua mboga ya sukuma, mjukuu wake ameketi kwenye mkeka.

"Sasa, mathe."

"Poa. Wewe ni wa kuuza ama wa kuuliza?"

"Wa kuuliza. Kuna nyumba?"

"Iko moja, ya nyuma. Mimi ndio keateka, ploti naiangalia mimi. Uko na bibi?"

"Niko na dada, na mtoto wake."

Alinionyesha mfereji wa maji safi uani, na choo kule nyuma ya ukuta. Chini ya kibanda cha mabati majiko yalikuwa yamepangwa. "Hapa hatupiki ndani. Ukiwasha jiko ndani ya nyumba, tutajuana."

Tuliporudi, mjukuu alikuwa amelowa mate mpaka tumboni.

"Anaota meno," mama akasema.

Nikahisi safari yote inarudi miguuni. "Anaharisha?"

"Kwa nini aharishe?"

"Hana homa? Kikohozi?"

"Kijana, nimekuambia anaota meno. Meno na tumbo zinajuana wapi?"

Nilitaka kucheka, nguvu sikuwa nazo. Nilimwambia naichukua nyumba, nikaingia chumbani na kumpigia dada simu.

"Umepata kazi?" akauliza.

"Nimepata nyumba. Lakini kwanza mrudishe mtoto kliniki leo, saa hii. Mwambie muuguzi anaharisha, ana homa na anakohoa. Vyote pamoja. Usitaje meno."

Nyuma yake nilisikia mafuta ya samaki yakilia, na kile kikohozi.

"Nitasema," akajibu. "Na wewe utakaa huko, ama nikifika nitapata umepotea tena?"

Chumbani hamkuwa na kitu ila msumari mmoja ukutani. Nikavua koti, nikalitundika.

"Nitakaa," nikamwambia. "Mpaka aote la kwanza."