Niliiongezea Miaka Bastola ya Marehemu Baba

Admin, jina langu lifukie mbali. Mie mwanaume wa miaka sitini na ushee, naishi Temeke, mke mmoja, watoto wanne. Kabla hamjaanza kunionea huruma, jueni mnasoma habari za mtu mwenye bahati. Wenzangu nyie mmerithi mikeka na kesi za nyumba. Mie nilirithi bastola ya tangu Mjerumani, ile yenye gurudumu la matundu sita, na bado ninayo. Bei yake ukitajiwa utaomba maji ya kunywa.

Baba alifariki enzi za ruksa, mitumba imejaa mji mzima na kila aliyevaa tai anaitwa mfanyabiashara. Mama alishatangulia, tukabaki mie na mdogo wangu wa kike, tumwite Hawa. Marehemu aliacha vitu viwili vya maana: pori la mikorosho kule Boko, na hiyo bastola aliyopewa na Mwarabu mwenye duka aliyemfanyia kazi ujanani. Kila Ijumaa aliipaka mafuta ya cherehani, akaifunga tena kwenye kaniki. Baba mdogo, aliyesimamia mirathi, akasema, "Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Lakini siwezi kugawa nisichokijua. Nendeni mkaulize hicho chuma kina umri gani na kinauzwaje."

Nikasema niachieni mie. Nilikuwaga utingo wa malori ya Zambia, nani mwingine ukoo mzima aliijua dunia? Shemeji yangu, mume wa Hawa, fundi baiskeli asiyewahi kuvuka Ruvu, akathubutu kusema, "Braza, si tuipeleke polisi kwanza, maana haina kibali." Nikaikwapua na kaniki yake, nikatoka. Mtu wa namna hiyo ukimpa almasi atazibia pancha.

Nikaanza na mwalimu mmoja wa historia, Kinondoni. Akaigeuzageuza, akavua miwani, akavaa miwani. "Hii ya vita vya Majimaji." Umejuaje, mwalimu? "Inaonekana." Alikula pilau yangu sahani mbili kwa neno hilo moja. Elimu ya kubahatisha hata mie ninayo, na niliishia darasa la tano.

Nikahamia Mwenge, kwa dalali wa vinyago. Huyu aliinusa kama mama anayechagua samaki wa ng'onda sokoni. "Bosi, hapa kwenye mtutu kuna maandishi na namba. Kuna Mzungu wangu akirudi ataisoma, atakwambia mpaka mwaka iliotoka kiwandani. Ila inang'aa. Wazungu hawapendi kinachong'aa, wanapenda kilichochoka." Nyuma ya kibanda chake wachongaji walikuwa wanafukua vinyago walivyochonga mwezi ule ule. Walivizika kwenye udongo wenye majivu na chumvi, vikatoka na sura ya babu wa babu.

Sikungoja kufundishwa. Kama mti wa juzi unazeeka hivyo, chuma cha Mjerumani si kitafika enzi za mitume? Nikaizika bastola ya baba uani, karibu na bafu, na chumvi ya mawe kilo nzima. Masika yote nilikuwa naimwagilia kama mchicha.

Huku nyuma nikamwambia baba mdogo kwamba thamani nimeshaipata, hiyo ni nyumba tatu za Ulaya. Akasema basi Hawa ana fungu lake humo. Hawa akajibu, "Baba mdogo, mwache kaka. Mie nipeni hilo pori, hiyo sidai." Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikamwambia, "Utagawana korosho na ngedere, mama." Mumewe akacheka na yeye, maskini, hakujua anachekwa.

Mzungu akaja. Nikafukua. Gurudumu limeganda, mpini umemung'unyuka, mtutu umevimba kutu kama mguu wa matende. Mzungu akakwangua kwa kisu kidogo, akasema kitu. Dalali akanigeukia, "Anauliza maandishi yako wapi." Nikamwambia yalikuwepo. "Anasema bila namba hawezi kujua kama ni ya Mjerumani, ya Mwingereza au ya juzi. Anasema na bei pia hakuna." Halafu yule msomi wa Ulaya akanipita, akanunua kinyago cha mwezi ule kwa bei ya kitu cha kale, akaondoka amekikumbatia kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikasema Mzungu ametaja bei, nimeikataa, nasubiri ipande. Tangu siku ile hadi leo inapanda.

Sasa pori la Boko limekuwa mji. Hawa aliuza kipande, kwenye kipande kingine akajenga nyumba yao. Mwaka huu figo za shemeji zimegoma. Juzi Hawa kaja, kakaa kwenye kiti cha plastiki barazani. "Shikamoo kaka. Sijawahi kukudai kitu. Nimepata mteja wa nyumba, lakini nikiuza tutalala wapi na mgonjwa? Kaka, uza ile bastola, tumtibu shemeji yako."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia kitu tangu Zambia, ukasema, "Mwambie mteja wako asubiri. Mnunuzi nimeshampata, mambo yamebaki kidogo."

Mteja anasema akicheleweshwa ananunua kwingine. Jana shemeji kanipigia, sauti imekatikakatika: "Braza, Mungu akulipe. Nilikudharau moyoni kwa ile bastola, nisamehe." Nani amsamehe nani, jamani? Mtu niliyemcheka maisha yake yote.

Nikimwambia Hawa ukweli, atauza nyumba na atajua kaka yake ni nani. Nikinyamaza, mteja anaondoka na shemeji anaondoka. Nishaurini, naanzaje? Na nyie mnaotaka kunichongea nikalale jela ya Segerea, hamtapata faida, kitu chenyewe hakiui hata mende.

Ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Nina kutu iliyofungwa kwenye kaniki ya baba, na mdogo wangu anaisubiri.