Goti Zima

Timu nzima humwita mama huyu Dokta, naye huitika, akizunguka kando ya uwanja na ndoo ya barafu aliyoiomba kwa muuza soda wa Bariadi mjini. Viganja vyake haviishi baridi. Kabla ya kumgusa mchezaji huvisugua kwenye kitenge na kuvipulizia pumzi. Ana desturi moja asiyoivunja: mtu akiumia goti, huanza na lile zima. Hulikunja, hulivuta taratibu huku amefumba macho, ili mikono ijue kwanza uzima wa mtu huyu ukoje.

Leo kiatu cha Luhende, anayesubiriwa Mwanza Jumatatu kwenye majaribio ya usajili, kimenasa kwenye ufa wa ardhi ya mbuga iliyokauka. Mwili ukageuka, goti likabaki. "Mpulizie dawa arudi!" kocha anafoka, na dume la ng'ombe, zawadi ya mshindi, linacheua tu nyuma ya goli. Dokta ameanza na goti zima kama kawaida, kisha akashika la pili, akavuta, na mfupa ukamfuata bila ubishi, kama droo ya meza. Anavuta tena. Ni vilevile. Wenye magoti ya namna hii aliowahi kuwashika, siku hizi wanalima pamba kijijini Kasoli wakichechemea.

Anarudi kwenye goti la kwanza, analifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mayu," Luhende anamwita mama kwa Kisukuma, akijaribu kucheka, "hilo ni zima."

"Najua, baba," anajibu, na haliachii.