Jungu Lililogoma Mtaa wa Tofu

Naikumbuka siku moja ya mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi mpya. Mume wangu Musa, Mungu amrehemu, alinitoa hapa Mahajanga akanipeleka kwao kisiwani Nosy Be, kijijini juu mlimani, nionwe na watu wake.

Kijiji kile kilikuwa na mtaa mmoja, na mtaa mzima kazi yake tofu, ile jibini nyeupe ya soya. Mchina mmoja alioa pale zamani, akawaachia ufundi. Soya inasagwa kwa mawe, inakamuliwa kwa kitambaa, maziwa yake yanachemshwa, kisha yanatiwa maji machungu ya chumvi ya bahari ili yagande. Wanunuzi walipanda kutoka mjini Andoany.

Basi siku tuliyofika, jungu la mama mkwe likagoma. Maji machungu yakatiwa, yakaongezwa, maziwa yakabaki maziwa. Wanawake wakatoka majumbani, wakajaa uani. Kimalagasi chao nilikielewa, na heri nisingekielewa. Walisema nina jicho baya. Mama mkwe hakunitetea. Alisema waziwazi kwamba mtu wa namna hiyo hatalala nyumbani kwake.

Niliogopa, mwanangu. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuondoka Mahajanga pamoja na Wakomoro wenzetu wengi waliokimbia yale mauaji, wala sikuwa na nyumba ya kurudi. Nikamtafuta Musa kwa macho. Yeye, bwana mkubwa, yuko kule mlangoni na wanaume wenzake, anachezea kofia yake.

Ndipo akatoka bibi yake Musa, mzee ambaye neno lake mtaani pale halikuwa na wa kulipinga. Mimi hakunitazama. Alimuuliza Musa, "Huyu ni nani?"

Musa akajibu, "Mgeni kutoka Mahajanga."

Mgeni. Mke wake wa ndoa.

"Mgeni huja kwa miguu yake," bibi akamwambia. "Huyu umemleta wewe. Njoo usimame naye, au beba mzigo wake umshushe, na wewe usipande tena hapa."

Musa akautazama mzigo wangu hata nikadhani anaondoka. Kisha akaja, akanishika mkono mbele ya mama yake. Akasema kwamba mimi ni mkewe, na nisipolala pale, naye hatalala. Mama mkwe akatazama chini. Tofu yenyewe haikuganda sawasawa. Ilitoka legelege, tukainywa kwa vikombe, na mama mkwe akaniongezea. Hakuna aliyetaja jicho tena.

Nimezaa na Musa, nimezeeka naye, alikuwa mtu mwema sana. Alipokuwa akiugua aliniomba radhi kwa neno lile moja. Nilimsamehe. Kulisahau, mwanangu, sikuweza.

Sasa wewe unampeleka mkeo kwa watu wako, na mimi jirani yenu najua ndugu zako walivyo na midomo. Usingoje kuulizwa huyu ni nani. Mtaje wewe kwanza, kwa jina lake, ukiwa umesimama ubavuni pake, wala usiende kukaa mlangoni na wanaume wenzako. Mungu akupe kauli ya haraka siku utakayohitajiwa, awape nyumba yenye masikilizano, na mkeo asije akazeeka na neno lako moyoni. Amina.