Baiskeli ya Kukunja, Njia ya Magu

Nilikuwa naitaka baiskeli ya kukunja kama mtoto anavyotaka nguo ya sikukuu. Chumba changu cha Buzuruga, Mwanza, kiko juu, ngazi nyembamba, na ukiacha kitu chini usiku, asubuhi hukikuti. Baba naye anaishi kijijini ng'ambo ya Magu. Basi linakushusha kwenye lami, mbele ni mchanga, kisha tope la majaruba ya mpunga, na mvua ikinyesha bodaboda hakubali. Nilikuwa namwona kwa nadra, na iliniuma.

Pale Mabatini nilimchosha muuzaji. Ya kwanza ilikuwa na tairi nyembamba, nikaikataa. Ya pili nikaitikisa, bawaba ya katikati ikacheza. Ya tatu, jamani! Tairi nene za meno, breki za diski, na ukiifunga haitoi hata mlio. Nusura nimkumbatie muuzaji wa watu. Tangu siku hiyo niliifuta vumbi kila jioni, nikaitia cheni mafuta na bawaba grisi kidogo.

Jumamosi konda aliipokea imekunjwa, akaiweka kwenye buti bila ubishi. Niliposhuka nikaikunjua, nikapita tope lile nikipiga vigelegele peke yangu. Baba aliitikia shikamoo yangu macho yakiwa kwenye fremu. Akauliza imekatikaje. Nikaikunja na kuikunjua mbele yake, akatikisa kichwa tu.

Kwetu baiskeli mpya haibebi gunia mpaka ipite kwa fundi wa kuchomelea, iongezewe vyuma. Nimekua nikiliona hilo, na bado Jumapili nikaenda kanisani nikamwachia baba baiskeli! Niliporudi nilimkuta anaisukuma kuingia uani. Bawaba yote ilikuwa imechomelewa, na juu yake kipande cha nondo.

"Sasa haitakuangusha," akasema. "Sikulala. Kila nikifumba macho nakuona umeanguka nayo barabarani."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Haikunjiki tena, basi haliichukui, na safari zangu za kuja kwake zimekwisha kabla hazijaanza! Nikafungua mdomo nimwambie. Ndipo nikaona suruali yake imetobolewa na cheche, kumbe aliishikilia fremu mwenyewe. Nikasema asante, baba.

Nilipofika kwenye lami sikusubiri basi. Nikageuza usukani kuelekea Mwanza, nikakanyaga. Ziwa lilikuwa linatokea kulia na kupotea, malori yananipigia honi, mlima wa Kisesa nimeupanda huku namtukana fundi, na kwenye mteremko nikasahau matusi yote. Sijawahi kufurahi vile. Buzuruga niliingia mapaja yanatetemeka, nikaibeba nzimanzima ngazini, nikampigia baba simu.

Akasema basi la leo limechelewa sana.

"Sikupanda basi, baba. Nimekuja nayo mpaka mlangoni."

"Na haikukatika?"

"Haikukatika. Jumamosi nakuja nayo tena."

Nilimsikia ameiacha simu wazi, anawaita majirani awaambie.